Uso wa Hafidha Kwenye Ukurasa wa Kina Mama

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha mbele ya meza ya Musembi, mpiga chapa wa karibu na stendi ya mabasi, nimeshika hadithi yangu ya kumi na tisa iliyorudishwa. Kwa aliyechelewa nitaeleza kwa ufupi, maana hata mimi mwenyewe sifurahii kuyarudia.

Jina langu ni Gharib. Nilikuwa karani wa kiwanda cha pamba hapa Malindi, nikaacha kazi kwa hiari yangu na akili zangu timamu ili niwe mwandishi wa magazeti. Mwaka mmoja na nusu ukapita, na hakuna gazeti lililochapa hata herufi yangu moja. Mkwe wangu Bwana Mahadhi, muuza vitambaa aliyetoka kisiwa cha Pate, akaja nyumbani kwangu kumchukua binti yake Hafidha, mke wangu, mwenye mimba ya miezi mitano.

“Siku nitakayoliona jina lako gazetini, njoo umchukue mkeo,” aliniambia mlangoni. “Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama nami sijaliona, utampa talaka yake kwa wema, tusigombane.”

Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

Msidhani nilikuwa mvivu. Hadithi ya kwanza niliiandika kwa mkono, hati nzuri ya kalamu ya wino, na kabla ya kisa chenyewe niliweka ukurasa mzima wa salamu kwa mhariri, wazazi wake na watoto wake. Ikarudi. Ndipo nilipojua kuwa kuna karatasi iitwayo Masharti kwa Waandishi.

Ya pili nikaipigisha chapa pande mbili za karatasi, nikiona natumia akili. Ikarudi. Ya tatu nikapeleka nakala ya kaboni, ile ya asili nikajiwekea mwenyewe kwa ukumbusho. Ikarudi. Ya nne nilitimiza kila sharti: upande mmoja wa karatasi, nafasi mbili kati ya mistari, bahasha ya kurudishia yenye stempu na anwani yangu. Ikarudi ndani ya bahasha hiyohiyo, na sasa sikuwa na wa kumlaumu.

Kila moja ilirudi na kijikaratasi chenye visanduku vitatu. Ndefu mno. Imepitwa na wakati. Haifai kwa sasa. Mtu huko Nairobi alitia alama ya vyema kwenye kimoja, basi. Hakuandika hata jina langu.

“Umeona?” nilikuwa nikimwambia Hafidha. “Wamesema kwa sasa. Maana yake baadaye itafaa.”

Hafidha alinitazama kwa huruma, akaenda kuosha vyombo.

Basi Musembi, mtu wa Machakos ambaye amezipiga chapa hadithi zangu zote, akaniwekea gazeti mezani. Lilikuwa *Kauli ya Juma*, lile lililokuwa limenirudishia mara saba.

“Wewe Gharib, wacha nikuambie ukweli,” akasema. “Mimi hizi hadithi zako nazipenda. Lakini hii gazeti haitaki wewe. Inataka kina mama. Soma hapa.”

Nikasoma. Ukurasa wa kina mama ulikuwa na safu mpya, Yaliyonikuta. Masharti yake yalikuwa mafupi. Mwandishi awe mwanamke. Kisa kiwe cha kweli na kiwe kimempata mwenyewe. Aambatanishe picha yake.

“Mimi si mwanamke, Musembi.”

“Na bibi yako ni nini?”

Nilicheka. Nikatoka pale nikicheka, na nilipofika nyumbani, nikaona chumba hakina mtu na kitanda hakijatandikwa tangu juzi, kicheko kikaisha. Nikaketi, nikaandika.

Niliandika kisa cha mke wangu kana kwamba mimi ndiye yeye. Kabla yangu mimi, Hafidha alikuwa ameolewa na Jaha, mtoto wa ami yake, huko Pate. Alikaa naye miaka mitatu bila kushika mimba. Jaha akamwita tasa mbele ya watu, akampa talaka, akaoa mwingine. Bwana Mahadhi akagombana na kaka yake, baba wa Jaha, kwa kukubali Hafidha avunjiwe heshima vile. Miaka minne hawasalimiani. Hata mama yao alipofariki, Bwana Mahadhi hakuvuka kwenda kumzika, kwa kuwa jeneza lilitoka nyumba ya kaka yake.

Hayo kila mtu wa Pate aliyeko Malindi anayajua. Nikajiambia kwamba simwibii mtu siri. Nikimaliza hapo nitamwonyesha mkwe wangu barua ya kukubaliwa, nitajitambulisha kwa mhariri, kisha nitaandika kwa jina langu.

Na picha? Hapa ndipo ukarani uliponiponza. Kiwandani kila aliyeomba kazi alileta picha, tukaibana kwenye faili, faili likaingia kabatini, na hakuna aliyeiona tena mpaka mtu astaafu. Mimi nilidhani gazeti nalo lina kabati. Nikachukua picha ya Hafidha iliyobaki alipopigiwa ya kipande cha kitambulisho, ile ambayo mpiga picha alimwambia arudishe mtandio nyuma masikio yaonekane. Nikaibana kwa pini juu ya karatasi.

Wiki mbili baadaye ikaja bahasha. Nyembamba. Anwani imepigwa chapa, si mwandiko wangu. Aliyewahi kurudishiwa kazi anajua maana yake: hadithi haikurudi. Niliifungulia palepale posta.

“Kwa Bi. Hafidha Mahadhi. Kisa chako kimetugusa na tumekipokea. Lakini tunahisi umetuficha jambo. Wasomaji wetu watataka kujua la moyoni. Tuletee sehemu ya pili kabla ya siku kumi, nasi tutazichapa zote mbili. Wako, Waruguru, mhariri wa ukurasa.”

Wasomaji, nililia. Mtu mzima, nimeegemea ukuta wa posta, nalia kwa furaha, na barua si yangu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo nimelikwepa tangu nianze kusimulia.

Mhariri alikuwa amenusa sawasawa. Hafidha hakuwa tasa. Alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia mimba, alivyopewa na muuguzi mmoja, akivificha ndani ya mkebe wa udi. Hafidha aliozwa Jaha bila kuulizwa kama anamtaka. Hakumtaka. Alitumai kwamba asipozaa Jaha atamchoka amwache, na kweli akamwacha. Hakujua tu kwamba baba yake na ami yake watakuja kuzikana wangali hai kwa ajili hiyo.

Aliniambia mara moja, mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Aliniapisha nife nayo. Nikaapa.

Nikaiandika kwa saa mbili. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuandika, na hilo ndilo linaloniuma. Musembi aliipiga chapa, akaitoa karatasi ya mwisho kwenye mashine, akaisoma tena.

“Hii mama anajua umeandika hii?”

“Anajua,” nikasema.

Nikaituma.

Nilikuwa nimepanga kumweleza Hafidha kabla haijachapwa. Kila siku nilipanga. Kisha nikawa najiambia kwamba gazeti lile ni la watu wa bara, Malindi hufika nakala chache, na Bwana Mahadhi husoma Kurani na risiti zake tu.

Jumatano moja, baada ya adhuhuri, akaja mtumishi wa dukani kwake.

“Waitwa na mzee. Sasa hivi.”

Nilimkuta Bwana Mahadhi sebuleni, miguu ameikunja juu ya mkeka. Mbele yake kulikuwa na fungu la magazeti ya Ijumaa iliyopita. Hafidha alikuwa ameketi pembeni, mtandio umemfunika hadi machoni.

“Shikamoo, baba.”

Hakuitikia. Akalifungua gazeti la juu, akaligeuzia kwangu. Alikuwa Hafidha, masikio nje, nywele nje, mkubwa kama kiganja changu. Chini yake, kwa herufi nene: Na Hafidha Mahadhi.

“Nimelinunua gazeti hili kila wiki tangu nimchukue mke wako,” akasema. “Kila wiki. Nalisoma tangu mwanzo mpaka matangazo ya vifo, natafuta jina lako. Nalitaka nilione, Gharib. Wallahi nalitaka.”

Akaigonga ile picha kwa kidole.

“Badala yake naona hili. Mwanangu kichwa wazi! Kesho wauza bajia watafungia bajia uso wa mwanangu. Namuuliza, wewe ndiwe uloandika? Asema hajui. Namuuliza picha amewapa nani? Asema hajui. Basi nakuuliza wewe.”

“Ni mimi, baba. Picha ni mimi, na maneno ni yangu mimi.”

Nilisikia Hafidha akivuta pumzi. Bwana Mahadhi akasugua goti lake. Nilingoja anitake talaka, nami nilikuwa tayari kuitoa, maana sikuona njia nyingine.

“Picha ni aibu, na aibu hiyo utaibeba mbele ya Mungu,” akasema hatimaye. “Lakini kisa… Kisa umekiandika vyema.”

Nikadhani sikusikia.

“Miaka minne nimekaa na mambo haya kifuani. Nani wa kunisemea? Watu wa Pate wote wasema Mahadhi ana kiburi, Mahadhi hakumzika mama yake. Leo yameandikwa, yamepigwa chapa. Kwamba mwanangu alionewa. Kwamba mwanangu si tasa, na tumbo hilo hapo ni shahidi.” Akalipigapiga lile fungu la magazeti. “Nimenunua nakala kumi. Zote zenda Pate na Faza. Ya kwanza yenda kwa ndugu yangu. Na wameandika hapa chini kwamba sehemu ya pili ni Ijumaa hii. Hizo ntanunua ishirini.”

Machozi yalikuwa yamemlenga mzee. Akainuka, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu.

“Sikuliona jina lako, lakini nimeiona kazi yako. Mchukue mkeo.”

Wasomaji, hiyo ndiyo saa niliyoingoja mwaka mmoja na nusu. Nawaambia kwa kinywa changu kwamba sikuonja hata chembe ya utamu wake.

Mzee aliingia ndani kutafuta bahasha. Hafidha akasogea karibu yangu, mtandio umemshuka.

“Sehemu ya pili umeandika nini?” akaninong’oneza.

Nikatazama mkeka.

“Gharib. Umeandika nini?”

“Mhariri alisema—”

“Umeandika vidonge?”

Nikainamisha kichwa, naye akajua. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliniangalia tu, akawa ananiangalia bila kupepesa jicho, mpaka nikatamani anizabe kofi.

“Baba hakumzika mama yake,” akasema. “Wafahamu? Hakumzika mama yake kwa ajili yangu. Akisoma kwamba nilimdanganya, hatanitoa nyumbani tu. Atakufa yeye. Yatoe hayo gazetini.”

“Ijumaa ni kesho kutwa.”

“Yatoe.”

Nikakimbia posta. Nikaandikisha simu ya Nairobi, nikangoja kwenye benchi, kila jina likiitwa nasimama. Saa tisa na nusu nikaitwa. Sauti ya mwanamke ikaja, safi na yenye haraka.

“Waruguru hapa.”

“Bi. Waruguru, habari za huko. Napiga kutoka Malindi, juu ya kile kisa cha Bi. Hafidha. Tafadhali, nakuomba, msiichape sehemu ya pili. Irudisheni. Bahasha niliiweka, na stempu.”

“Kisa kikishapokelewa hakirudishwi, bwana. Ni sharti letu. Na ukurasa umeshapangwa, unaenda mtamboni leo jioni.”

Mimi niliyerudishiwa mara kumi na tisa! Niliyeomba nikubaliwe baada ya kila sala ya zile tano! Nilikuwa naishika simu kwa mikono miwili, naomba nikataliwe.

“Kikataeni,” nikamwambia. “Tieni alama kwenye kile kisanduku, haifai kwa sasa. Semeni ni kirefu. Semeni chochote.”

“Wewe ni nani?”

“Ni mumewe.”

Sauti yake ikabadilika.

“Ahaa. Nilijua mtapiga. Kila wiki mnapiga. Mwanamke akipata nafasi moja ya kusema yaliyomkuta, mume anakimbilia simu. Bwana, ukurasa huu tuliuanzisha kwa sababu ya watu kama wewe.”

“Si hivyo! Ni mimi niliyeandika! Kila neno ni langu, hata hajui nimeandika nini!”

“Wengine husema hivyo pia.”

“Uliza mpiga chapa, anaitwa Musembi, yuko hapa stendi—”

“Sikiliza. Mwenye kisa ni Bi. Hafidha. Akitaka kiondolewe, aniambie mwenyewe, kwa sauti yake, tena awe peke yake, si wewe ukimsimamia. Mtamboni tunapeleka saa kumi na robo. Baada ya saa kumi sipokei simu.” Akaikata.

Karani wa posta alinitazama kwa macho ya mtu aliyesikia kila kitu. Nikaandikisha simu nyingine ya Nairobi kwa jina la mke wangu, ili akifika aikute karibu na zamu yake, kisha nikatoka mbio. Jua lilikuwa kali, na viatu vyangu vya karani vilikuwa vimeanza kuachia soli. Nilifika kwa mkwe wangu natweta.

Hafidha alikuwa amesimama uani, tayari kwa kuondoka, na begi lake limefungwa. Alidhani nimekuja na jawabu.

“Wataka sauti yako,” nikamwambia. “Wewe mwenyewe. Kabla ya saa kumi. Mimi hawaniamini.”

Hakuuliza la pili. Akatwaa buibui lake msumarini, akalivaa akitembea. Kutoka nje ya nyumba ile hapana njia nyingine ila kupita sebuleni, na sebuleni, palipokuwa patupu nilipoingia, sasa alikuwapo Bwana Mahadhi. Alikuwa ameweka ubao mapajani, anaandika anwani. Magazeti tisa yaliyobaki yalikuwa yamekunjwa vizuri, kila moja ndani ya bahasha yake.

“Mwaenda wapi na haraka hiyo? Hamwagi?”

“Posta, baba,” nikasema. “Twarudi sasa hivi.”

“Posta mna nini?”

“Kuna… kosa dogo. Kwenye ile sehemu ya pili. Wamesema wazungumze naye.”

“Kosa gani?”

“Dogo tu, baba. Sisi twende, tukirudi tutakueleza.”

Akaiweka kalamu chini. Akaitazama sura yangu, kisha ya binti yake, kisha akarudi kwangu. Mzee huyu ameuza vitambaa miaka thelathini, na mtu anayemficha jambo humtambua kabla hajafungua kinywa.

“Keti,” akasema.

“Baba, saa—”

“Nimesema keti. Nimemwandikia ndugu yangu barua, Gharib. Barua ya kwanza tangu miaka minne. Nimemwambia asome hili, kisha asome na la Ijumaa. Nimemwapia kwa kaburi la mama yetu, ambalo sijapata kulitia mkono wa mchanga, kwamba kila neno litakalotoka hapo ni kweli tupu. Barua nimekwishampa mtu wa kuipeleka, pamoja na gazeti lake, yumo njiani. Sasa niambie, kosa gani lililomo katika hiyo sehemu ya pili?”

Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Kwa mbio, posta ni dakika sita. Nilikuwa nimetunga hadithi kumi na tisa maishani mwangu, na sasa nilipoitafuta moja tu, fupi, ya kumtoa mke wangu mlangoni, kichwa kilikuwa kitupu.

Nikamgeukia Hafidha. Nilitumai yeye atapata neno. Alikuwa amekwisha kulivua buibui. Alilikunja mara mbili, akaliweka juu ya begi, akaketi mkekani mbele ya baba yake, mkono mmoja tumboni.

“Usinitazame mimi,” akasema. “Mwambie.”